Moshi wa Chelezo cha Papa Flo

Mtu akifiwa huuliza maswali ya ajabu. Wengine huuliza ratiba ya kanisa, wengine huuliza nani atakwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege wa Dulles. Solange, binti wa Papa Flo, alinipigia kuniuliza habari ya samaki. "Atu," aliniambia kwa Kiingereza chake kile cha manesi, kile cha kukupa habari mbaya huku anakutafuta mshipa, "Papa ametutoka asubuhi. Yule samaki wa siku ile, mlimfunga na majani gani?" Nilikuwa nimekaa ndani ya gari nje ya ghala ninakofanya kazi, Landover, na mkate wangu mkononi. Nikalia kwanza, tena kilio cha sauti, mpaka jamaa wa gari la jirani akapandisha kioo. Halafu nikamwambia: majani ya mgomba, yale ya kwenye friza la duka la watu wa El Salvador, na asikubali mtu amdanganye eti karatasi ya foili ni sawasawa. Akasema, njoo Jumamosi unioneshe.

Jumamosi nikaenda Sterling. Solange siku hizi anakaa huko na mume wake na watoto, nyumba nzuri, ila nyuma yake kuna yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, yananguruma mchana kutwa kama mtu mwenye mafua. Mlangoni aliyenifungulia ni Njeri. Jamani, Njeri! Tulikaa chumba kimoja pale Adelphi, tukagawana jiko, sabuni na siri, halafu kila mtu akafuata maisha yake na simu zikawa za Krismasi tu. Akaniangalia kuanzia kiatu. "Wewe, umenona! Ni nini unakula?" Nikamwambia nakula maneno ya watu. Tukakumbatiana, na kabla hata hatujatoa pole tukajikuta tumesema neno moja kwa pamoja: "Shemeji!" Kicheko kikatutoka, ndani ya nyumba ya msiba, mbele ya kinamama wa kanisa waliojifunga vitenge. Mama mmoja akatutazama kama tumekanyaga maiti. Sasa ngoja niwaambie Shemeji ni nani, maana bila yeye mwaka ule hausimuliki.

Shemeji alikuwa sanamu. Alikaa kwenye makumbusho madogo kando ya mto Potomac, ghala la zamani lenye chumba kimoja kirefu na choo kimoja kifupi, na mimi ndiye niliyekuwa nampangusa vumbi. Makumbusho yenyewe yalikuwa ya mambo ya magogo. Zamani, kabla ya reli na malori, watu wa milimani huko juu walikata miti wakati wa baridi, wakasubiri theluji iyeyuke mto ujae, halafu wakayafunga magogo pamoja yakawa chelezo, wakakaa juu yake na kuelea mpaka mjini kuuza. Wakifika wanauza kila kitu, mpaka mbao za kibanda walicholalia, kisha wanarudi kwao kwa miguu, kamba begani. Shemeji alisimama katikati ya chumba akishika kasia refu kama mlingoti, sharubu za manyoya ya kweli, macho yanakufuata. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi. Miguuni pake palikuwa na jiko la udongo, maharage ya plastiki, mkate wa plastiki, na moto wa balbu nyekundu unaowakawaka. Kila asubuhi nilimwambia, "Shemeji, maharage bado?" Nimeishia darasa la saba mimi, lakini najua chakula kisichoiva nikikiona.

Njeri alikuwa mezani pale mlangoni anauza tiketi na kadi za picha. Bosi wetu alikuwa Miss Peggy, mama wa Kimarekani mrefu, miwani imening'inia kwenye kamba, anayependa magogo kama wenzake wanavyopenda wajukuu. Ukimkuta mgonjwa, mtajie mvule, atapona. Mwaka ule alipata ruhusa ya jambo aliloliota maisha yake yote: kujenga chelezo cha kweli, chenye kibanda na jiko, kifungwe ukingoni majira yote ya joto watu wapande waone. Akatafuta fundi seremala. Akaja Papa Floribert, Papa Flo wetu, Mkongo, mzee wa nywele nyeupe na mabega ya kijana, nyundo yake ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alipomwona Shemeji alisimama, akavua kofia. Nikadhani anamsalimia sanamu. Kumbe anaangalia kasia. "Hii miye najua," akasema. "Hii ilinivunja meno mbili."

Kulikuwa na kijichumba nyuma, meza moja, viti vitatu, na maikrowevu yenye karatasi ya Miss Peggy inayotuomba kwa upole tusipashe samaki. Hapo ndipo tulipokula chakula chetu cha mchana. Njeri na githeri yake ya mahindi na maharage, mimi na ndizi zangu za nazi, Papa Flo na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo la siagi. Kila mtu alikula cha mwenzake akakitukana. Na Kiswahili chetu chenyewe kilikuwa kama ile meza, kila mtu kaleta chungu chake. Siku moja Njeri akamchokoza, "Papa, hiyo kazi ya magogo ulifanya kweli, ama unatupiga tu stori?"

"Ma fille, weye unasikia?" Papa Flo akaweka kijiko chini. "Siye tulitoka juu ya Kisangani tukateremuka mpaka Kinshasa, mwezi na mwezi ingine. Batu banapika juu ya rado, banagombana, banaoana. Mbuzi yangu ilizaa juu ya rado."

"Mbuzi akazaa kwa maji!"

"Juu ya maji. Na haikukuwa mbuzi tu."

Akachukua kijiko akaendelea kula. Mimi na Njeri tukatazamana. Mtu akikwambia "haikuwa mbuzi tu" halafu akala, huyo anataka uulize, lakini si leo.

Papa Flo na Miss Peggy wakaijenga ile rado, kama mzee alivyoita chelezo, mimi nikishika hiki na kile wakati sina pa kufagia. Usidhani alikuja akatufundisha wote. Pembe ya kwanza aliifunga kwa kamba, kwao walifunga kwa mimea ya kutambaa ya msituni, na kamba za hapa za nailoni zikateleza. Asubuhi tukakuta gogo moja limeondoka kivyake linaelekea kwa Rais. Miss Peggy akavaa mabuti, akamwonyesha mchoro wa zamani: watu wa huku walitoboa magogo, wakapitisha fito juu yake, wakazibana kwa vigingi vya mti mgumu. Papa Flo akaangalia mchoro muda mrefu, akacheka peke yake. "Bon. Hawa balitoboa, siye tulifunga." Toka hapo wale wawili walikuwa kama mapacha, mmoja hajui Kiswahili, mwingine Kiingereza chake kimejaa "yes" na "no problem", na kazi ilikwenda. Ila kwenye kibanda hakutaka mchoro. Kibanda alikijenga kwa kichwa chake. Mlango mdogo, uingie umeinama, na kwenye pembe ya nyuma nguzo moja ambayo aliilainisha kwa msasa, halafu kwa kiganja, halafu tena kwa kiganja, siku nzima, mpaka nikamuuliza ile nguzo anaichumbia au vipi.

Siku hiyo hakucheka. Aliniambia nikae. Akasema juu ya rado yake ya mwisho mke wake alikuwa na mimba, wakajua watafika Kinshasa kabla ya siku zake, mto ukakataa, wakakwama mchangani, na mtoto hakusubiri. Alizaliwa ndani ya kibanda kama hiki, mama yake ameshika nguzo kama hii. Huyo mtoto ni Solange. "Yeye hajue," akasema. "Akiuliza alizaliwa wapi, nasema Kisangani. Ni rahisi. Mama yake aliniambia mbele hajakufa: usimwambie ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya simenti. Hataamini, ataona ni aibu. Mwambie akiwa anasikia maji chini ya miguu. Lakini tulikimbia, tukaenda kambi, tukakuja hapa. Miaka yote hiyo, rado ilikuwa wapi?" Akaipigapiga ile nguzo. "Sasa iko."

Basi ikawa hivyo: mwisho wa majira ya joto chelezo kitafumuliwa, magogo yatauzwa, na kabla ya hapo Solange apande. Rahisi, si ndiyo? Hamumjui Solange. Alikuwa anakuja kumchukua baba yake jioni na gari lake jeupe, injini inawaka, hashuki. Ni nesi, zamu juu ya zamu, na amechumbiwa, na ukweni ni watu wa suti. Nilikuwa nimembebea Papa Flo mfuko wake siku moja nikasikia kila kitu, maana dirisha lilikuwa wazi na mimi sikuzaliwa jana. Binti alisema kwa Kiingereza, baba akajibu kwa Kiswahili, ndivyo walivyoishi. Alisema amechoka kusikia magogo. Hawakuvuka maji yote yale ili baba yake, na umri wake, aje kufunga magogo kuwafurahisha watalii. Alisema ukweni amewaambia Papa alikuwa kwenye mambo ya usafirishaji.

"Na haikukuwa usafirishaji?" akauliza Papa Flo. "Magogo ilijisafirisha yenyewe?"

Solange akakanyaga mafuta. Mimi nikabaki na mfuko.

Nilijaribu. Nilimpelekea tiketi ya bure, akaiweka kwenye kishikio cha kikombe pamoja na risiti za maegesho. Nikamwambia Solange kwamba Miss Peggy anataka kuonana naye, akasema ampigie simu. Mwisho nikaja na akili kubwa: nikamwambia Papa hajisikii vizuri, presha, amekaa kule kwenye chelezo, njoo umpime. Solange akafungua droo ya gari, akatoa kipimo cha presha, akapiga honi mpaka mzee akaja mwenyewe, akampima kupitia dirishani. Ilikuwa safi kuliko yangu. Njeri alicheka mpaka akauza tiketi ya mtoto kwa mzee wa ndevu. "Atu, huyo msichana ni mkali kukuliko. Wacha tu." Lakini Papa Flo hakucheka, na majani ya miti ng'ambo yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Papa Flo alikuwa amemwomba Miss Peggy tupike kidogo siku ya kufunga msimu, na Miss Peggy akasema ni wazo zuri sana. Hapo sasa. Yeye alidhani kupika ni kuja na kopo umelipasha kwa jirani. Sisi kwetu, ukitujengea jiko la udongo juu ya magogo, na kuni ziko pale, na mto uko pale, halafu ukasema pika, tutafanya nini? Papa Flo alitoa balbu nyekundu iliyokuwa jikoni, kama ile ya Shemeji, akaizungushia taulo, akaniwekea mfukoni. Nikakata kambale, nikampaka pilipili, kitunguu na chumvi, Papa akamfunga kwenye jani la mgomba vifundo vifundo, liboke, wanaita wenyewe, na tukawasha moto wa kweli. Wageni walifurahi sana, wakapiga picha. Shemeji angekuwepo angelia. Halafu Papa Flo akachukua majani mabichi, fungu zima, akayalaza juu ya makaa.

"Papa, unaua moto!"

"Naita," akasema. "Rado inakaribia cité, mji, tunaweka majani mabichi. Moshi inapanda. Batu ya chini banaona, banajua: kesho tuko na soko. Anayekuja na mtumbwi kufuata moshi, haumuulize jina. Anakula kwanza. Nyuma ya pale unamuuliza anataka nini."

Ule moshi, bwana! Ulisimama mweupe mnene kama mnara mwingine wa Washington. Kwao, mtu akiuona anafunga kuku wake na kuchukua kasia. Hapa, watu wanaokimbia mazoezi pale darajani waliuona wakachukua simu. Tulisikia ving'ora kabla samaki hajaiva upande wa pili. Magari mawili ya zimamoto yakaja kwa barabara, boti moja ikaja kwa maji. Njeri akatoka mlangoni na sanduku lake la tiketi kifuani. "Ati mmewasha nini? Kwa makumbusho? Woi, tutarudishwa kwetu sote!" Miss Peggy alikuwa mweupe kuliko moshi. Wageni wakashushwa, mimi nikashushwa nikipiga kelele kwamba samaki ataungua, lakini Papa Flo alikataa kushuka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono magotini, akasema "no problem". Wakamwambia mara ya pili, akasema "no problem". Miss Peggy akakimbilia ofisini kutafuta namba ya ndugu wa kumpigia mambo yakiharibika.

Ndiyo, namba ilikuwa ya Solange. Lile gari jeupe lilikuja likapanda hadi kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza mlango wake ukafunguliwa. Solange alishuka na nguo zake za hospitali na viatu vya mpira, akampita mkuu wa zimamoto kama anapita kiti, akavuka ubao, akapanda chelezo. Magogo yakazama kidogo, yakainuka. Nilimwona amesimama ghafla, ameshika hewa. Halafu maneno yakamtoka, Kiingereza mfululizo: ni nini unafanya, unataka kufa, unataka kuniua mimi, watu wote wanaangalia. Papa Flo alimsubiri amalize. Akafungua liboke moja, mvuke ukatoka, akaiweka juu ya gogo mbele yake.

"Kaa. Kula kwanza."

Sijui ni njaa ya zamu, sijui ni harufu. Alikaa. Alikula kwa vidole, anafuta machozi ya moshi kwa kiwiko, na mto unapiga chini yetu, maana mimi nilikuwa nimesharudi kwenye ubao, nani angenizuia? Papa Flo akamwambia. Bila kuzunguka: mto ulikataa, tulikwama, mama yako alishika nguzo kama ile, weye ukatoka. Solange akageuka kuiangalia nguzo. Akatambaa akaingia kibandani na mabuti ya zimamoto yakiwa yamejipanga ukingoni, akaweka kiganja pale pale palipolainishwa. Alikaa humo mpaka mkuu wa zimamoto akaniuliza kwa macho kama kuna mgonjwa. Halafu tukasikia sauti yake kutoka ndani, ndogo, Kiswahili, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake.

"Kitovu alikata nani?"

"Miye."

"Na nini?"

"Kisu ya samaki."

"Uliichemsha?"

"Ee Mungu wangu, Solange!" Papa Flo akasimama, amekasirika kweli. "Niliichemsha! Mara mbili! Mama yako alikuwa analia, bado ananiamuru chemsha tena!"

Solange akaanza kucheka mle ndani, au kulia, kibanda kilikuwa kinatikisika tu. Alipotoka, magoti yamejaa udongo, alimwambia Miss Peggy, mbele ya watu wa zimamoto na wapiga picha wote, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba amezaliwa hapa. Miss Peggy akavaa miwani, akaitazama Potomac. Ilibidi nimweleze mimi, na alipoelewa alikaa chini kwenye gogo akashindwa kukasirika. Moto ulizimwa, tukaonywa sana, na yule mkuu wa zimamoto alipofika kwa Papa Flo na kitabu chake cha faini alipewa liboke kwanza. Alikula yote. Wiki iliyofuata chelezo kikafumuliwa, magogo yakaenda kwa mnunuzi, na Papa Flo akarudi nyumbani na kamba begani, ameketi kiti cha mbele cha lile gari jeupe. Nguzo aliipakia nyuma. Ukweni walipoleta mahari wakaonyeshwa.

Siku hizi lile ghala wanauza kahawa. Nilipita nikauliza Shemeji yuko wapi, yule kijana akadhani naulizia mfanyakazi.

Basi Jumamosi ile Sterling tulikuwa watatu nyuma ya nyumba, mchana kweupe, mimi, Njeri na Solange, karai la mkaa, kambale, majani ya mgomba yanayeyuka barafu kwenye sinki. Kiswahili chake Solange hukitoa kama sahani za wageni, kwa nadra, na siku hiyo yote alikuwa akisema Kiingereza na waombolezaji, tarehe, kaburi, maua. Nguzo ipo pale sebuleni kwake, inashikilia rafu ya picha. Nikafunga samaki mmoja nikamwonyesha kifundo, akafunga wa pili vibaya, wa tatu vizuri. Nikageuka kuchukua chumvi, niliporudi alikuwa ameshika fungu la majani mabichi.

"Solange," Njeri akasema, "usijaribu. Hii mtaa iko na sheria."

Akayalaza juu ya makaa. Moshi ukapanda mweupe, ukapita paa, ukapita yale majengo yanayonguruma. Tukasimama tunauangalia. Haukupita muda uzio ukagongwa, kichwa cha jirani kikachomoza, mzee wa Kimarekani mwenye kofia, simu tayari mkononi, anauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikajiandaa kuomba samahani kwa niaba ya Afrika nzima. Solange alikuwa ameshafungua liboke. Akaenda nayo hadi kwenye uzio, akamnyooshea juu ya mbao, vidole vinamwungua.

"Kula kwanza," akamwambia.

Mzee wa watu hakujua neno hata moja. Aliweka simu mfukoni, akapokea kwa mikono miwili.